Ngozi ya Beseni

Aliileta imefungwa kwa gazeti la juzi
kama mtu apelekaye maini kwa jirani.
"Mutheu," akasema, "hii haijawahi kulia."
Nikacheka. Hapa Kariokor tumeuziwa mengi:
mpira ulioitwa ngozi, karatasi iliyoitwa ngozi,
nailoni iliyopakwa mafuta mpaka ikanuka zizi,
kisha jua la Januari likaiumbua mbele ya wateja.

Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu tu.
Vidole vyangu nimerithi kwa baba,
husoma kabla macho hayajafika.
Ngozi ya ng'ombe ni barua:
hapa kupe walikaa,
hapa mwiba wa mgunga ulipita,
hapa chuma cha moto kiliandika jina la mwenyewe,
hapa nyongani mfupa ulisukuma kiangazi kizima.
Ya Bosibori nikaigeuza mbele na nyuma.
Haikuwa na neno.
Nyeusi, baridi, bubu.

Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akanieleza.
Kule Chiromo wana bakteria
wafumao nyuzi juu ya maji matamu,
kama utando juu ya uji uliosahaulika.
Wakawatia jeni ya weusi,
weusi uleule, alisema, ulio kwenye nywele zako.
Chakula chao chai iliyopoa
na maganda ya mananasi kutoka Thika.
Siku kumi, unafunua beseni, unavuta shuka.
Hakuna kisu, hakuna kromu,
hakuna rangi ya kumwaga mtoni.

Aliposema mtoni, nikaacha kucheka.
Baba alitoka kiwandani Athi River
kucha zikiwa kijani, vidole vimepasuka,
mama akimfunga vifungo vya shati Jumapili
kama mtoto wa chekechea.
Na mto huu wetu, unaopita Chiromo kwanza
kabla ya kutufikia huku Gikomba,
sijauona hata siku moja ukiwa na rangi ya maji.

*Ngozi ivute i maji*, walisema.
Hii iliyozaliwa majini, uivute lini?
Nikaivuta vivyo hivyo.
Nikaitoboa kwa msharasi, ikakubali uzi.
Nikachoma ukingo kwa kiberiti:
haikunuka nywele, ilinuka mkate.
Nikashona jozi moja, saizi thelathini na nane,
mguu wangu mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Mwezi mzima ilinibeba.
Kisha Aprili ikafunguka pale Ring Road,
na wayo wa kushoto ukavimba kama andazi,
ukaniacha peku mbele ya muuza mitumba
ambaye bado ananidai heshima yangu.

Nikampigia. "Bosibori, mwanao amelewa maji."
Muuzaji angeuliza nani ameona.
Yeye akauliza dakika ngapi,
akauliza ilianzia kisigino au kidole,
nikasikia kalamu ikikwaruza.

Jana ameleta nyingine.
Wamewafunza vijidudu kutoa nta, au kitu kama nta,
sikuelewa vyote, wala hakujifanya nimeelewa.
Nikapitisha vidole, bubu, bubu, bubu,
halafu pembeni nikagota kwenye kishimo,
mviringo mdogo wenye mistari.
Dole gumba.

"Nilifunua mapema," akaungama. "Nilitaka kuona."

Fundi huficha kovu chini ya unyayo,
ndivyo nilivyofunzwa, na ndivyo ninavyofunza.
Hili nimelikata likae juu,
kwenye ukanda wa kwanza,
ili atakayeinama kufunga
kidole chake kilale humo
bila kujua kimelala kwa nani.

Jozi iko dirishani. Bei sijaandika.
Mawingu yamekaa upande wa Ngong tangu asubuhi.
Ikinyesha, tutajua.